Vitambaa vya Milangoni

Kwa miaka tisa hakuna mgonjwa aliyepotea ndani ya zahanati ile, na sababu ilikuwa fundi cherehani mmoja mnene, mcheshi, waliyemwita Mama Vitambaa. Kila Jumatatu na Alhamisi alifunga duka lake, akaja kukaa kwenye benchi la mapokezi kuwaelekeza watu. Kwenye kitasa cha kila mlango alikuwa amefunga kitambaa: chekundu sindano, cha bluu dawa, cha njano daktari.

"Fuata chekundu, babu. Na usijifanye hukioni."

"Utanishika mkono?"

"Nikushike mkono, bibi anifukuze kwa mwiko?"

Wakimwuliza kwa nini anajitolea, alicheka: "Dukani nina panya, hapa nina watu."

Sababu ya kweli aliijua mtu mmoja tu: wifi yake, dada wa mumewe, karani wa zahanati hiyohiyo. Mama Vitambaa hakujua kusoma. Zamani, kifungua mimba wake akiwaka homa mgongoni, alikaa asubuhi nzima mbele ya mlango wa stoo akidhani ni kwa daktari, na aibu ikamzuia kuuliza. Alipokuja kuelekezwa, mtoto alikuwa ameshanyamaza. Wifi ndiye aliyemfuta machozi, akaapa kwamba siri ile ataingia nayo kaburini. Na tangu hapo kila fomu ya kujitolea, wifi ndiye aliyemjazia.

Mwaka huu akaja mganga mkuu mpya, akataka wajitoleaji wawe na msimamizi. Benchi zima likamtaja Mama Vitambaa. Siku ya kikao alivaa gauni alilolishona wiki nzima.

Wifi akasimama. "Nampenda wifi yangu," alisema kwa sauti ya msibani. "Ila ukweli usemwe. Hajui kusoma hata jina lake. Mtoto alimfia mgongoni mbele ya stoo kwa sababu hiyo. Kweli tumkabidhi wagonjwa?"

Akaketi, kisha akamgusa bega binti yake, mjitoleaji pia, ili naye asimame aonekane.

Mtu akakohoa. Mganga mkuu akaandika kitu. Mama Vitambaa hakulia; aliitazama mikono ya wifi, ileile iliyomfuta machozi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye, fundi wa nguo miaka yote, hakuuona mshono.

Nje ya kikao wifi alimkimbilia. "Wifi, usininunie. Nimewafikiria wagonjwa."

"Hivi zile fomu," aliuliza taratibu, "ulikuwa unaniandikia nini?"



Mama Vitambaa akaanza kufungua vitambaa vyake. Chekundu, mfukoni. Cha bluu, mfukoni. Alipoelekea kwenye cha njano alimwona msichana mwenye kichanga mgongoni, amesimama mbele ya stoo, akiyatazama maandishi ya mlangoni kama mtu anayetazama ukuta. Alikuwa amekaza midomo ili asiulize.

"Hapo ni stoo, mwanangu," Mama Vitambaa alimnong'oneza, wasisikie wengine. "Twende."

Alimfikisha kwa daktari, akamsubiri mpaka mlango ukafungwa. Kitambaa cha njano akakikaza fundo, akakiacha. Kisha akatoka, akampita wifi bila kugeuza shingo.

Alhamisi iliyofuata hakulifunga duka; cherehani yake ililia humo tangu asubuhi.