Ukurasa wa Pili

Fundi saa wa mtaani kwetu alijiita mhifadhi wa historia, na hakuna aliyembishia kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Kwa miaka ishirini alisaka gazeti la siku moja tu, ile iliyofuata treni ya abiria kutumbukia mtoni. Alipata nakala saba. Mteja akileta saa, lazima kwanza aonyeshwe picha ya daraja lililovunjika, hata awe na haraka namna gani.

Kwa kuogopa mchwa na panya, alibandika kila ukurasa wa mbele kwenye ubao kwa gundi ya seremala, akajisifu kwamba hata mafuriko hayaubandui.

Jumapili moja alikuja shangazi yake, ambaye mumewe alifia kwenye treni ile.

"Mwanangu, nasikia majina ya marehemu yaliandikwa ukurasa wa pili. Hebu nisomee la mume wangu."

Fundi akashusha ubao wa kwanza, akaugeuza, kisha wa pili. Kufika wa saba alikuwa anacheka peke yake, kama mtu aliyejifungia nje na ufunguo uko ndani. Ukurasa wa pili ulikuwa mgongoni mwa ule wa kwanza, umegandana na ubao mara saba. Mwenyewe hakuwahi hata kuusoma.

"Shangazi, mimi ni mpumbavu mwenye bidii."

"Hilo tunalijua. Lete hapa."

Akaupakata ubao, akalaza kiganja juu ya picha ya daraja, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Kumbe yuko hapa chini," akasema.