Nilivyomtafsiria Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Kazini Isaka, kwenye bandari kavu, madereva wa malori wananifahamu kwa mdomo kuliko kwa kazi, na nyumbani kwetu Nyasubi mke wangu huniambia nikimaliza kuongea nimwamshe. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba siku niliyokosa maneno sikuyakosa kwa sababu ya upole.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu baada ya mavuno. Alikuwa mjane, akiishi Samuye na mbuzi wake, na tulimchukua kwa sababu mkojo ulikuwa unamsumbua: maumivu chini ya kitovu, homa, kisha nafuu, kisha maumivu tena. Mke wangu alisema mjini atakuwa karibu na hospitali. Mimi nilifurahi kweli. Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa bado nasoma, nikaona nimepata wa pili, na nikapanga kumdekeza.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Babu yangu alikuja huku kutoka pwani na biashara ya nguo, akaoa huku huku, na katika ukoo wetu heshima ya ukwe ilikuwa imeshachuja: shikamoo, marahaba, halafu mnakaa mkeka mmoja mnataniana. Nilijua kwamba kwa Wasukuma mama mkwe na mkwewe hawazoeani. Nilijua juu juu tu, na kiburi changu kikaniambia mimi nitamzoesha.

Choo chetu kipo uani, mbele ya mlango wa jikoni. Nikirudi kazini hupenda kukaa hapo hapo uani kwenye kiti changu mpaka muda wa kulala. Alipokuja mama ndiyo nikazidi. Nilikuwa nawahi kurudi ili nimkute. Nilimwekea kiti kando yangu, yeye akakaa mbali kwenye mkeka, ameinamisha uso, akiitikia "ee, baba" kwa kila nilichosema. Chai alisema ameshiba. Maji alisema bado kidogo. Nilipomlalamikia mke wangu kwamba mama hanywi kitu, alinijibu kuwa wazee wa kijijini ndivyo walivyo, nikayaamini hayo.

Tulianza na vidonge vya duka la dawa. Akapata nafuu wiki mbili, ugonjwa ukarudi. Mke wangu akampeleka zahanati, wakampima wakasema mkojo mchafu. Maneno hayo huku kila mtu anayasema, nimeambiwa mkojo mchafu, kama vile anasema ana mafua. Yeye aliyachukua moyoni. Alimuuliza binti yake mara tatu: mchafu kivipi, wakati anaoga asubuhi na jioni? Tangu siku hiyo akawa anafua mpaka kanga ambazo hazijavaliwa.

Kipindi hicho hicho paka wetu dume akapatwa na mambo yale yale. Anachuchumaa mchangani, anajikamua, analia, hakitoki kitu. Nilimtia kwenye boksi la biskuti nikampeleka kwa daktari wa mifugo, nikapanga foleni na watu wenye mbuzi na ndama. Walinicheka, na mimi nikacheka. Kwa daktari nilimwaga kila kitu: hajakojoa tangu jana asubuhi, ule wa mwisho ulikuwa na damu, anajilamba kutwa. Akamwingiza mrija mwembamba, paka akapona, nami nikaonywa kwamba tatizo hilo hurudi. Anywe maji ya kutosha, akasema, na mchanga wake uwe mahali pa utulivu, maana paka akiona anaangaliwa hubana. Siku hiyo hiyo nikamtengenezea sehemu yake nyuma ya stoo, na lilipomrudia tena, nikamrudisha kwa daktari bila hata kuambiwa na mtu. Mpaka leo naweza kukuambia yule paka alikuwa anakojoa mara ngapi kwa siku.

Mama alipozidiwa tena nilichukua likizo. Mke wangu ni mwalimu na shule ilikuwa kwenye mitihani, nikamwambia asijali, mama nitamtunza mimi. Nilimpikia uji. Nilikaa uani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hata sokoni sikwenda. Nilimpigia simu mtu wa bodaboda aniletee mahitaji, ili mama asibaki peke yake. Kila siku niliyokaa pale alizidi kuumwa, na kila alipozidi kuumwa nikazidi kung'ang'ania kiti changu. Naandika haya na natamani nimkamate yule mwanaume wa kwenye kiti nimtoe nje kwa nguvu.

Siku ya tisa ya likizo homa ilipanda, nikakodi bajaji tukaenda hospitali. Tulimkuta daktari kijana, mtulivu, si wale wa kukimbilia kuandika dawa. Mama alizungumza Kisukuma. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu, ndivyo nilivyoamini, na Kisukuma changu ni cha mjini lakini kinatosha, basi nikawa mkalimani. Homa ilianza lini, anatapika au hatapiki, mgongo unauma upande gani: yote hayo niliyatafsiri vizuri. Kisha daktari akaweka kalamu mezani.

"Muulize, nyumbani akisikia haja ndogo anakwenda palepale, au huwa anabana mkojo? Na maji anakunywa kiasi gani?"

Nilifungua mdomo. Neno lenyewe kwa Kisukuma nalijua, hata mtoto wa chekechea analijua, na kwa daktari wa mifugo nilikuwa nimelitaja mbele ya foleni nzima. Lakini huyu alikuwa mama wa mke wangu, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na ulimi ukagoma. Nikazunguka. Nikamwambia kwa Kisukuma cha adabu kuliko chote nilichowahi kusema, nikimwita mama kwa lugha yake, "Mayu, daktari anauliza kama pale nyumbani unakaa vizuri, kama kuna kitu chochote kinachokupa shida."

Alitazama sakafu kidogo. "Nduhu, baba," akasema. Hakuna. Anakaa vizuri sana.

Nikamgeukia daktari. "Anasema habani. Na maji anakunywa."

Hilo la maji niliongeza mwenyewe. Daktari akaandika.

Walimchoma sindano, wakampa dawa kali zaidi, tukarudi nyumbani, na mimi nikarudi kwenye kiti changu. Siku nne baadaye akaanza kuweweseka. Wadudu walikuwa wameshafika kwenye figo, na sasa walikuwa kwenye damu. Tulimrudisha hospitali wakamlaza, wakamwekea mrija na mfuko wa mkojo, na mke wangu akaomba ruhusa shuleni akae naye. Alinipigia simu kunieleza jambo lililomshangaza: mama anaomba maji. Anakunywa kikombe, anashusha pumzi, anaomba kingine. Nilifurahi mno, nikamwambia basi huyo anapona. Alifariki kesho yake mchana.

Tulimzika Samuye. Siku ya pili ya matanga, mama mdogo wa mke wangu alisimama kumwelezea marehemu dada yake. Alisema ni mtu aliyekufa na adabu zake zote. "Amekaa kwa mkwe miezi minne," akasema, "na mkwe mwenyewe huyo hapo, muulizeni kama aliwahi hata siku moja kumwona anaelekea chooni. Alikuwa anasubiri mkwe atoke kwenda kazini. Maji haonji mkwe akiwa nyumbani. Alinisimulia mwenyewe kwenye simu."

Wanawake wakatikisa vichwa kukubali, na baadhi yao wakanitazama kwa upendo, kwa sababu sifa hiyo ilikuwa yangu pia. Mimi nilikuwa nafikiria likizo yangu, siku baada ya siku, asubuhi mpaka jioni.

Sikuweza kumficha mke wangu. Tuliporudi Nyasubi nilimweleza yote: daktari aliuliza nini, mimi nilimuuliza mama nini, na nilimjibu nini daktari. Nilitegemea anifukuze, na ningeondoka. Alilia muda mrefu. Akasema alijua mama anaona aibu, ila hakujua kwamba anajinyima maji. Kisha akafuta uso, akaniuliza, "Daktari aliuliza kwa Kiswahili?"

"Ndiyo, kwa Kiswahili."

"Mama alikuwa anasikia Kiswahili. Alikuwa hakisemi tu, anaogopa kuchekwa. Taarifa ya habari ya redio kila siku alikuwa anaisikiliza kwa lugha gani?"

Kwa hiyo alilisikia swali lote kabla sijafungua mdomo. Akanisikia nikilikwepa, akanisikia nikimwongopea daktari kwamba maji anakunywa. Ingetosha amwambie daktari ndiyo, anabana. Aliona mkwe wake ameshikwa na aibu mbele ya mtu mwingine, akaamua kunisitiri.