Kambare wa Pipa na Maji Yaliyotiwa Dawa

Kambare wangu nilimchukua mto Malagarasi akiwa hajazidi kidole, nikamtia kwenye pipa la maji ya mvua ale viluwiluwi vya mbu. Wakati huo tulikuwa upande wa Kibondo, kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Wengine walifuga paka kwa ajili ya panya, nami sikuona tofauti. Ila paka akishashiba anakwenda zake. Kambare alikaa miaka mpaka akanijua kwa nyayo: nikikaribia anapanda juu, anabwia hewa, anagonga bati kwa mkia. Mimi sikupita darasa la pili, lakini kiumbe kinachonijua nakitambua.

Tulipohama tukaenda kwenye kijiji karibu na Kasulu, kwa wakwe zangu, mke wangu alimpakata kambare ndani ya ndoo juu ya lori, na pipa nyuma yetu. Watu wakacheka. "Shemeji, mmebeba na mboga ya njiani?" Mke wangu akawajibu, "Huyu ana adabu kuliko wewe, hata sharubu amekushinda."

Sasa kijiji kile kilikuwa na bomba. Sisi tulikuwa watu wa chemchemi, maji unayaona yanakotoka. Bomba lilikuwa mbele ya nyumba yangu, basi kila mtu alipita uani kwangu, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Mvua zilipokatika nikajaza pipa kwa maji ya bomba. Yalikuwa na harufu kama ya zahanati.

Haikupita wiki, kambare akaanza kuugua. Ngozi ilimpauka, ikamtoka utando mweupe kama kitambaa kilicholoweka. Akawa anaelea ubavu. Nilimtupia kumbikumbi, chakula alichokipenda kuliko vyote, wakamwelea usoni asiwaguse. Alikuwa mzee, jicho moja halioni, lakini uzee hauji kwa wiki moja.

Jirani yangu alikuwa fundi viatu aliyevuka kutoka Burundi na wakimbizi wenzake. Mtu mpole. Mimi watu wapole huwa nawaangalia mara mbili. Baba yangu aliuziwa ng'ombe tasa na mtu mpole sana, lakini hayo tuyaache. Asubuhi moja akaweka debe lake chini, akachungulia pipani, akasema, "Ndugu yangu, hii maji imetiwa dawa."

Sikumwuliza dawa gani. Nilisema moyoni, mtu anajuaje kama maji yametiwa dawa, kama si yeye aliyetia? Alipoondoka tu nikamwaga pipa lote, nikasugua kwa majivu, nikajaza upya bombani. Kesho yake kambare kazidi. Nikamwaga tena. Kila siku nilimwaga, na kila siku alizidi. Nikasema adui huyu ni mwepesi, namwaga sumu yake asubuhi, hata jioni haijafika amerudisha. Sisi wenyewe tulikunywa maji yale yale ya bomba bila kuumwa tumbo. Hilo nalo likanithibitishia: anayetafutwa ni samaki wangu.

Tena chumvi ilikuwa inaisha upesi nyumbani. Mboga inakuja haina ladha, nikiuliza, mke wangu anatazama pembeni. Nikaanza kumwangalia na yeye.

Basi siku moja nikabeba jembe, nikaaga kwamba naenda kupalilia maharage. Nikazungukia nyuma ya migomba, nikajibanza nyuma ya jiko. Fundi viatu akaja na debe. Akatazama huku, akatazama kule, akatoa karatasi mfukoni, akanyunyiza kitu cheupe ndani ya pipa, akakoroga taratibu kwa mkono.

Nikatoka na jembe langu. "Leo tutakwenda kwa balozi wa nyumba kumi," nikasema.

"Tutaenda," akasema, "lakini chumvi itayeyuka, hautakuwa na kitu cha kumuonyesha."

"Chumvi gani?"

"Ya Uvinza." Mke wangu ndiye aliyejibu, amesimama mlangoni. "Na ni yangu. Mimi nimempa."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungemwaga. Wewe kazi yako siku hizi si kumwaga?"

Jirani akanieleza kwamba kwao alifanya kazi kwenye mabwawa ya samaki ya misheni. Samaki akitoka utando hutiwa chumvi kidogo. "Na hii maji ya bomba, bwana maji anaitia dawa ya kuua wadudu wa tumbo. Mtu anakunywa, sawa. Samaki anaishi ndani yake, inamuunguza. Iache kwenye chombo siku mbili, juani, dawa itoke. Halafu utoe nusu tu ya pipa, si yote. Wewe kila siku unamletea mpya, kali."

Yaani mkono uliokuwa unamuua ulikuwa wangu. Lakini mimi sikukubali upesi, nisiwadanganye. Nilisimama nimeshika jembe. Yeye akaliona hilo. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele yako ndipo akupe, tunaita kutoa uchawi. Akachukua kata, akachota maji ya pipani, yale yenye utando, akanywa funda, akanipa.

Ningefanyaje? Nikanywa. Yalikuwa na chumvi na shombo.

"Sasa na mimi mnipe?" mke wangu akauliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Nilifuata maagizo. Siku ya nne utando ukaanza kubanduka. Siku ya sita nikasikia bati linagongwa. Aliishi masika mawili zaidi, jicho lake moja lile lile.

Asubuhi nilipomkuta ameelea, nakiri, macho yangu yalikwenda kwanza kwenye mlango wa fundi viatu. Kisha nikainama nikanusa maji. Hayakuwa na kitu. Nikaenda kumwita jirani, tukamzika kambare kwenye shina la mgomba. Jioni akaja na kibuyu cha pombe ya ndizi, akataka kuonja.

"Lete tu," nikamwambia.

Akanipa. Nikatazama ndani kidogo, kisha nikanywa.