Sofa yangu imeongea mbele ya shangazi

Wadau, leo sofa yangu imeniaibisha mbele ya wakwe.

Shangazi wa mke wangu alikuwa anakuja kutoka Bukura kuona kama mtoto wao anakaa vizuri kwangu.

Na sofa yetu miguu ilikuwa imeoza.

Mke wangu akasema tuazime viti kwa jirani.

Mimi niazime? Mimi niliyefika Malaba na nikaingia hoteli ya kapeti?

Jana nikachukua leso mbili za mke wangu, na mbao za masanduku kutoka soko la Lubao. Leso juu, mbao chini pande zote, misumari, rangi. Sofa ikatoka kama ya mheshimiwa.

Leo shangazi ameketi. Akapapasa leso. Akaanza kutabasamu.

Sofa ikasema, "Kwo."

Shangazi akanyanyuka. "Mkwe, hiki kiti kina mtu?"

Mke wangu akaniangalia. "Baba Brayo, yule kuku analaliaga mayai chini ya sofa ulimtoa?"

Kumtoa wapi. Nilimpigilia misumari humo ndani huku napiga mluzi.

Nikachukua nyundo nibomoe kila kitu. Shangazi akanishika mkono.

"Mayai yataharibika. Mtobolee mlango tu."

Nikatoboa. Yeye akakaa palepale, akaitisha chai, akamwambia mke wangu, "Nyumba ambayo kuku anakubali kulalia, wewe kaa."

Kwa hivyo endeleeni kununua hizo zenu za dukani. Yangu ni ya ghorofa, shangazi juu, kuku chini.

Nani mwingine Kakamega hii anayo? Semeni hapo chini.