Kigunduzi Kilichopanda Milima ya Kibakwe

Nilikwenda Kibakwe kwa sababu moja: kigunduzi chetu cha eksirei kilikuwa hakijawahi kutoka nje ya chumba chenye kiyoyozi. Kwa miaka sita, hapa chuoni Chimwaga, tumekuwa tukikijenga kijipande hiki kisichozidi ukucha wa kidole gumba, chenye maelfu ya pikseli nyembamba kama unywele. Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha kivuli tu. Chetu hupima nishati ya kila chembe ya mnururisho inayokiangukia, na kwa nishati hiyo hutambua madini. Wiki iliyofuata idara ingeamua kama tuendelee au tufunge kazi, na ilitaka kujua jambo moja: kikitikiswa barabarani, kitaendelea kusema kweli? Wachimbaji wadogo wa Mpwapwa, ambao tunakijenga kwa ajili yao, hawana viyoyozi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, tuliondoka, mimi na Elia, fundi wa maabara yetu, ambaye ndiye aliyeshika usukani. Kigunduzi nilikipakata kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini. Tulipofika Nzuguni nilikuwa nimeshaanza kukiimbia.

"Daktari," Elia alisema, "trafiki akitusimamisha nitamwambia nawahisha mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Si ni wewe!"

Mbande tulikata kuelekea Kongwa, kisha Mpwapwa. Kutoka hapo barabara ilipanda kwa makorongo na mawe, nami kila gari liliporuka niliruka nalo, kigunduzi kikiwa juu ya viganja vyangu.

Saa sita mchana tulifika Kibakwe. Yustina, niliyesoma naye chuo na ambaye sasa anafundisha fizikia sekondari, alitoka nje akipiga vigelegele na kutusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Na huyo mwanao ana umri gani?"

"Miaka sita, na bado anaogopa wageni."

Mumewe, Baba Amani, alitukaribisha ugali wa mtama na mlenda, na nilikula kwa haraka isiyomfaa mwanamke wa umri wangu.

Saa nane tulikifunga kigunduzi ndani ya sanduku letu la eksirei lenye kuta za metali ya risasi, katika chumba cha sayansi cha shule, Yustina na mumewe wakitazama. Kila metali ikipigwa na eksirei hujibu kwa nishati yake yenyewe, kwa hiyo hupimwa kwanza metali zinazojulikana ili kukihakiki kigunduzi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kopo la vipande vya metali hizo limebaki Chimwaga. Mimi niliamini amelibeba Elia; Elia aliamini nimelibeba mimi.

Tulipima waya wa umeme, na jibu la shaba likatoka barabara. Lakini tulihitaji pia metali ya nishati ya juu.

"Fedha inafaa?" Yustina aliuliza, akivua pete yake ya ndoa.

Ilifaa mno. Tukaipima. Fedha hujibu kwa nishati karibu mara tatu ya shaba, ila kioo cha kompyuta kilionyesha nishati ya chini, pale pale pa shaba. Huo ndio ugonjwa wa zamani wa pikseli ndogo: chembe moja ikiangukia mpakani, majirani hugawana nishati yake, na kila mmoja huripoti kidogo. Tiba yake ndiyo iliyotugharimu miaka sita. Tulipima tena, na tena. Shaba.

"Barabara imekiua," nilisema.

Baba Amani alikohoa. "Shemeji, hicho chombo... huenda hakikosei."

"Kwa nini?"

Alitazama sakafu. "Sonara aliniambia ni shaba iliyochanganywa nikeli. Nilikuwa kijana, na harusi ilikuwa keshokutwa."

Elia alikurupuka hadi kwenye sanduku la vifaa, akarudi na waya wa kulehemu wenye bati, ambao sote tulikuwa tumeusahau. Nishati ya bati, iliyo juu kuliko hata ya fedha, ilitokea mahali pake hasa. Nilimkumbatia Elia, nikamkumbatia Baba Amani, kisha nikakumbuka kwamba mwenye pete yupo pale pale.

Yustina alikuwa akicheka mpaka machozi. "Nilijua tangu mvua za kwanza! Kidole kiligeuka kijani."

"Mbona hukuniambia?" mumewe aliuliza.

"Ingekuwa fedha ningeshaiuza mwaka ule wa njaa."

"Na mimi?" niliuliza. "Nilikuwa nakufa hapa!"

"Wewe ulisema kinatambua metali. Nikakipa mtihani."

Jumapili tulirudi tukiwa na kurasa za vipimo, na wiki iliyofuata idara ikaturuhusu kuendelea. Nilichojifunza ni hiki: kwa miaka sita nilikiuliza kigunduzi maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo tayari. Siku kiliponiambia nisichokitarajia, nilikiita maiti.

Siku hizi Elia ndiye anayechagua vipande vya kupima. Huvifunga kwa karatasi, na haniambii ni nini mpaka niandike jibu na kutia sahihi. Anaifurahia kazi hiyo kupita kiasi.