Waziri Aliyemzika Okal

Rispa hakuwahi kufika Uingereza, lakini katika Nyakunguru nzima hakuna aliyefuatilia siasa za huko kama yeye. Alikuwa mjane, muuza dagaa na unga kwa wachimbaji, na katika mambo yote ya dunia alijali moja tu: kaburi la mumewe Okal, lililokuwa pale pale nyumbani kwake, juu ya mwamba ambao kampuni ya mgodi ilikuwa imeukodolea macho.

Okal alifukiwa na shimo lake la dhahabu mwaka ule watu walipomiminika kutoka kila upande kuja kuchimba. Siku ya maziko akatokea mzungu, waziri wa misaada wa serikali ya Uingereza, Bwana Ketering. Alikuwa amekuja kutazama machimbo, yeye na wapiga picha wake. Aliposikia kuna msiba akaona amepata picha nzuri. Akachota udongo kwa vidole viwili, kama mtu anayeonja chumvi, akautupa kaburini na kusema neno. Magige, mwenyekiti wa kijiji, akalitafsiri huku akilowa jasho la kujipendekeza: "Mheshimiwa anasema, maadamu yeye yuko kwenye kiti chake, hakuna atakayegusa kaburi hili."

Hapo ndipo Rispa alipokosea. Kwa watu wa kwao, anayetupa udongo kaburini na kunena mbele ya maiti amejifunga kwa marehemu mpaka naye azikwe. Hakuwaza hata kidogo kwamba kuna watu ambao ahadi yao hukaa kwenye kiti, na wakiinuka wanaiacha hapo hapo.

Basi akawa mtu wa redio. Kila jioni alitegea sikio habari za Ulaya, dagaa wakiungua jikoni. Ketering akahamishiwa wizara ya magereza, wafungwa wakagoma. Akapewa reli, treni zikalala. Akakamatwa akilidanganya bunge, akafukuzwa, na kabla watu hawajamaliza kumcheka akarudishwa, tena kwenye wizara kubwa kuliko zote alizoziharibu.

"Huyu mtu kila akivuruga anapandishwa," Rispa alimwambia shemeji yake Owiti, aliyekuwa amevuka mpaka wa Sirari kuja kumjulia hali. "Hapa kwetu hata mbuzi hapewi kuchunga."

"Wacha mchezo, Mama Elkana. Na huyo ndiye ulikuwa unangoja alinde kaburi la ndugu yangu?"

Rispa aliona aibu. Ndiyo, ndiye aliyekuwa akimngoja.

Halafu ikaja habari iliyomnyanyua kwenye kigoda. Ketering ameacha siasa, amepewa cheo cha Lodi, na sasa ni mwenyekiti wa kampuni. Kampuni gani? Ile ile iliyoutaka mwamba wa Okal. Rispa hakulia. Alizima redio.

Hakungoja barua ya mtu. Alimwita Owiti na wanaukoo wengine, na kwaya ya kanisa, na mchana kweupe wakamfukua Okal kwa sala na nyimbo. Wakampeleka Nyansurura, kwenye boma la mwanawe Elkana, wakamzika upya karibu na zizi la ng'ombe. Shimo la zamani wakalifukia vizuri ili mifugo isivunjike miguu. Magige hakujua lolote. Wiki ile alikuwa Tarime mjini akifukuzia posho za vikao, na aliporudi majirani hawakuona sababu ya kumwambia.

Miezi miwili baadaye Lodi Ketering alikuja mwenyewe kuongoza zoezi la kuhamisha makaburi kwa heshima. Alikuwa ameongezeka tumbo na wapiga picha. Akavua kofia ya mgodi, akafumba macho, akatangaza kwamba mtu huyu alimzika kwa mikono yake na leo anamhamisha kama ndugu. Akafinya jicho mpaka chozi likatoka. Rispa alikunja mikono akamwacha amalize, maana uongo wa namna hiyo haukatizwi.

Vijana wakachimba. Wakachimba mpaka majembe yakagonga mwamba. Hakukuwa na kitu.

"Mama Elkana," Magige akanong'ona, uso umempauka, "mzee yuko wapi?"

"Mume wangu alihama huyu alipohamia kampuni. Mwambie hivyo hivyo, usimpunguzie hata neno. Mwambie hapo amelilia udongo mtupu."

Lodi akauliza mama anasema nini. Magige akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza chake cha vikao. Rispa hakujua Kiingereza, lakini alimwona Lodi akiweka mkono kifuani na kumwinamishia kichwa kwa upole, akaelewa kwamba ameambiwa mama anashukuru sana.

Rispa akamtazama Lodi usoni, akasonya msonyo mrefu uliosikika mpaka kwa wapiga picha wa nyuma, akampa mgongo. Hilo halikuhitaji mkalimani.