Isale Kwenye Rafu ya Vitabu

Dalali aliniambia nyumba haiuzwi, inavalishwa. Alisema hivyo akiwa amesimama sebuleni kwetu Njoro, Moshi mjini, viatu vyake vinang'aa, anazitazama rafu za vitabu vya marehemu baba kama daktari anavyotazama kidonda. Mimi nikamjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akacheka, akasema methali hiyo ilitungwa na watu ambao hawajawahi kuuza nyumba.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu Moshi kilikuwa kinauzwa. Shirika nililolifanyia kazi tangu usichana wangu lilibinafsishwa, wenye mali wapya wakatupunguza kwa mafungu, na mimi nilikuwa fungu la kwanza. Kwenye mtaa wetu, nyumba walizokaa walimu na makarani ziligeuka maduka ya vifaa vya ujenzi, saluni, na nyumba za kulala Wazungu wanaokuja kupanda mlima. Kaka yangu, ndugu yangu pekee, alikuwa Dar es Salaam anajenga, na ujenzi wa Dar haushibi. Baba alipofariki, kaka alikaa muda mrefu bila kupiga simu, nikadhani na yeye ana majonzi. Kumbe alikuwa anafikiri. Siku moja akapiga simu kuniambia nyumba ya mjini itauzwa na dalali ameshapatikana.

Nieleze mapema nilichokuwa nakitaka, msomaji asije akadhani nilikuwa naililia nyumba. Nyumba ya vyumba vinne kwa mtu mmoja ni kazi ya kufagia tu. Nilichokitaka ni watu ndani yake. Mama alitangulia, baba akamfuata, na tangu tulipomzika baba kule Masama, kijijini kwetu mlimani, kaka hakupanda tena kuja huku. Krismasi mbili zilipita. Mtu wa kwetu akikosa kupanda Krismasi moja, majirani husema ana shida. Akikosa ya pili, wanaacha kumtaja. Krismasi zote mbili nilipika mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, sufuria kubwa, kwa mazoea, nikaula peke yangu mpaka ukachacha.

Mpango wa kaka ulikuwa mwepesi. Kihamba cha Masama, shamba la migomba na kahawa walipolala wazazi wetu, hakiuzwi, na kwa desturi hakimwendei binti. Hicho kilikuwa chake. Nyumba ya mjini ingeuzwa, na mimi angenijengea vyumba viwili pembeni ya kihamba ili niwe nayaangalia makaburi. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayenitafutia kazi. Nikamjibu sawa, kaka. Nikaweka simu chini, nikakaa sakafuni pale pale, nikalia.

Basi tukaanza kuivalisha nyumba. Kuta zilipakwa chokaa, mlango wa mbele ukapakwa rangi, lakini dalali roho yake ilikuwa kwenye vitabu. Alikuwa mtu wa Tabora, amewahi kufanya kazi kwenye nyumba za mabalozi huko Dar, na alikuwa ameshika imani kwamba mnunuzi mwenye pesa mpya hapendi vitabu, ila anapenda kuonekana anavyo. Kwa hiyo vitabu vibaki, alisema, lakini vipungue.

Baba alikuwa mwalimu, na vitabu vyake hakuvipanga kwa alfabeti wala kwa somo. Alivipanga kwa mahali alipovipatia. Rafu ya chini ilikuwa Masama: kitabu cha nyimbo za ibada, Biblia mbili, na kitabu cha kutunza kahawa kilicholiwa na mende pembeni. Iliyofuata ilikuwa Sanya Juu, alikoanzia kufundisha, na hapo palijaa vitabu vya hesabu na historia vyenye mihuri ya shule iliyokwisha kubadilishwa jina. Zilizobaki za juu zilikuwa Moshi mjini. Ukimwomba kamusi alikuuliza kwanza unaitaka ya wapi. Watu waliomfahamu walimcheka, na mimi nilimcheka, lakini nikitumwa kitabu gizani ningeweza kukileta.

Dalali alitaka nusu ya vitabu vitoke. Vilivyobaki vipangwe kwa urefu, vyenye majalada mekundu vikae pamoja na vya kijani pamoja, vingine vilazwe viwili viwili, na kati yao iachwe nafasi ili rafu ipumue. Picha za wazazi nazo ziondoke, kwa sababu mnunuzi hataki kuishi na wafu wa watu wengine. Kibuyu cha babu cha kunywea mbege, pombe ya ndizi, kisuguliwe, kiwekwe juu, Mzungu akija atakipenda. Niliyafanya yote hayo peke yangu. Nilivitoa vitabu vya Sanya Juu nikavitia kwenye maboksi ya sabuni, nikavisukuma chumba cha nyuma. Kila nilichokitoa kilikuwa na vumbi la upande mmoja tu, upande ambao mkono wa baba haukufika.

Nilipomaliza nikasimama mlangoni nitazame. Palipendeza. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba palipendeza kuliko palivyowahi kupendeza tangu nizaliwe, na palikuwa kama kwa watu.

Dalali akaja kukagua, akaridhika, ila akasema panahitaji kitu cha kijani. Akapendekeza maua ya plastiki. Nikamwambia siku maua ya plastiki yatakapoingia nyumba ya baba yangu, mimi nitakuwa nimeshatoka na godoro langu kichwani. Ilikuwa Februari, jua kali, bustani yote imekauka imebaki vijiti. Kilichokuwa kijani ni masale tu, yale baba aliyoyashusha kutoka Masama akayapanda mpakani, ambayo hayajui kiangazi. Nikakata moja, nikalitia kwenye chupa ya maji, nikaliweka katikati ya rafu, mahali zilipokuwa picha za wazazi.

Kwetu isale si pambo. Hupandwa mpakani na makaburini, na mwenye kuomba msamaha au kuomba jambo zito hulipeleka kwa anayemwomba. Anayeletewa isale hawezi kukataa. Akikataa, ubaya unamgeukia yeye. Nayajua hayo tangu utotoni kama ninavyoijua Sala ya Bwana. Lakini nilikuwa nimetoka kupanga vitabu kwa rangi, na mtu akishapanga vitabu vya baba yake kwa rangi, mengine yote yanamtoka kichwani.

Kisha wanunuzi wakaanza kuja. Alikuja mfanyabiashara wa mitumba na wake wawili, alikuja mwenye magari ya kupeleka watalii lango la mlima, alikuja mama mmoja aliyekuwa anagonga kuta kwa kidole kutafuta pa kubomoa. Hakuna aliyefungua kitabu. Lakini walikaa kwenye viti, waliniuliza habari, waliomba maji ya kunywa. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilianza kupona. Nikawa naamka nachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, nakaanga maandazi, navaa gauni la kanisani siku ya Jumanne. Dalali alifurahi sana, akidhani nimeielewa biashara. Hakujua kwamba kila mnunuzi aliyesema atafikiri na kurudi, mimi nilimwombea afikiri sana na arudi mara nyingi.

Wa mwisho kuja walikuwa mzee mmoja wa upande wa Sanya Juu na mkewe. Walitaka nyumba ya mjini kwa sababu mama yule alikuwa mgonjwa na hospitali ilikuwa mbali nao. Niliwaamkia shikamoo, wakaniitikia marahaba kwa sauti za watu wanaopenda kuamkiwa, na tukakaa. Mama yule alisifu chai. Mzee aliniuliza ukoo wangu, nikamtajia, akanieleza bila haraka jinsi alivyomjua babu yangu kwenye mambo ya kahawa. Hatukuzungumzia bei hata kidogo, na dalali alikuwa anahangaika kwenye kiti chake kama mtu aliyekalia siafu. Sikumbuki kufurahi kiasi kile tangu baba alipokuwa hai. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba wakinunua, nitawaomba wanipangishe chumba cha nyuma.

Mzee akanyanyuka kuangalia vitabu. Akapitisha jicho rafu moja, akafika ya katikati, akavua kofia. Akauliza, bila kugeuka, "Mwanangu, hili isale ameletewa nani?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba ni pambo tu, dalali alitaka kitu cha kijani. Dalali akaitikia kwa kichwa, akasema inapendeza, sivyo? Mzee hakucheka. Alimtazama mkewe, na mkewe akaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu.

"Isale haliwekwi bure," mzee alisema. "Na limewekwa na binti wa nyumba, ndani ya nyumba ya baba yake, wakati nyumba inauzwa. Kuna mtu anaombwa hapa na hajajibu. Mimi siwezi kununua mpaka ajibu."

Niliwafuata mpaka getini nikiwaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mama yule alivyonishika mkono kwa huruma. Hawakurudi. Dalali alitokwa na jasho. Akaitoa simu yake ya mkononi, ambayo siku zile bado ilikuwa kitu cha kuonyeshwa watu, akampigia kaka hapo hapo uani, akalalamika kwamba dada yake amewatisha wateja kwa majani ya uchawi. Kaka akamuuliza majani gani. Dalali, maskini, akamwelezea: marefu, membamba, ya kijani, yametiwa kwenye chupa. Kisha simu ikakatika.

Kaka ambaye hakuja Krismasi mbili alikuja wiki hiyo hiyo. Aliteremka kwenye basi la mchana, amenenepa, mvi zimeanza, ana mkoba mdogo wa mtu asiyekusudia kukaa. Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya rafu kwa muda. Akauliza vitabu vya Sanya Juu viko wapi. Nilifurahi kwamba bado alikuwa anaijua ile rafu, nikamwambia viko chumba cha nyuma. Hakwenda kuvitazama. Alivuta kiti, akakaa, akaliangalia isale kama mtu anavyomwangalia askari.

Ningeweza kumwacha aamini alichoamini. Lakini sisi tulilelewa na mwalimu, nikamwambia ukweli, kwamba sikumwekea yeye, nililiweka kwa ajili ya dalali. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda ni hivyo, lakini ameshasikia na ameshasafiri, na mtu hawezi kuligeuzia mgongo isale kwa kusema halikuwa lake.

"Nimekuja," akasema. "Sema unachotaka, mdogo wangu."

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu baba afariki. Sikuwa na jibu la kupamba, nikalitoa kama lilivyokaa. "Sitaki nyumba, kaka. Nataka mje. Krismasi hii mpande, wewe na wifi na watoto, mlale humu, tule wote."

Akainamisha kichwa, akaanza kukwaruza rangi ya kiti kwa kucha. Kisha akanieleza kuhusu nauli, kuhusu watoto ambao sasa wanasoma masomo ya ziada wakati wa likizo, kuhusu wifi ambaye baridi ya huku inamsumbua kifua, kuhusu saruji na nondo. Yote yalikuwa kweli, sina sababu ya kumsingizia. Nilimsikiliza huku nikimmiminia chai.

Halafu uso wake ukafunguka. Akasema, "Nyumba siuzi. Kaa nayo. Ni yako, hakuna atakayekutoa." Na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi baada ya kupanda nao kilima. Nikaelewa kwamba nyumba nzima, na kiwanja chake, na bei ambayo angeipata, vilikuwa rahisi kwake kunipa kuliko siku tatu za Desemba. Alikuwa amenipa kikubwa ili asitoe kidogo nilichoomba. Na isale lilikuwa limejibiwa. Sikuweza kuomba tena.

Nikamwambia asante kaka. Mtu yeyote Njoro angepiga vigelegele, na mimi nilijaribu kutafuta furaha ilipo nikaikosa. Tulikula ndizi na nyama, akasifu, akalala chumba chake cha zamani, na nilimsikia akikoroma kwa amani. Asubuhi akampigia dalali kumwambia biashara imekwisha. Dalali alipita kuniaga. Alisema kwa heshima kwamba rafu zile ni kazi yake nzuri kuliko zote alizowahi kufanya Moshi, na ananiomba nisizivuruge. Akasema tutaonana. Hatujaonana.

Nilimsindikiza kaka mpaka stendi. Pale kwenye mlango wa basi aliniuliza kama nimefurahi, nikamwambia nimefurahi. Akanishika bega, akapanda, akapata kiti cha upande wa pili ambako sikuweza kumwona. Basi lilipoondoka nilibaki kidogo nimesimama na watu waliokuwa wanasindikiza watu wao. Kisha nikatembea kurudi nyumbani polepole, kwa sababu hapakuwa na mnunuzi wa kuwahi.